Mwalimu wake kasema picha si sayansi

Shikamoo Mwalimu,

Nina binti wa miaka 11. Tangu mjomba wake ampe kamera ndogo ya zamani, hajaiweka chini. Akiikosa huchukua simu yangu. Hupiga kila kitu: kivuli cha kiti, povu la sabuni, sisimizi waliobeba bawa la kipepeo, na zaidi ya vyote paka wetu.

Shuleni kwao kutakuwa na maonyesho ya sayansi baada ya majuma matatu na kila mtoto anatakiwa awe na mradi. Alifurahi mno. Alichagua picha 20 za wadudu na maua, tukazichapisha, akazibandika kwenye ubao kwa mistari iliyonyooka, na chini ya kila picha akaandika jina. Siku ile alirudi nyumbani ubao akiuburuta. Mwalimu wake wa sayansi alimwambia mbele ya wenzake kwamba hiyo ni albamu, si mradi, atafute kitu cha kisayansi, kwa mfano volkano ya kutoa povu.

Sasa kamera iko kabatini. Nikimtajia volkano ananitazama tu, hajibu. Juzi usiku alipolala nilianza kumwandalia mradi mimi mwenyewe. Niliandika utangulizi, nikaandika na hitimisho, kisha nikajiuliza ni nani hasa anayekwenda kwenye hayo maonyesho, nikachana karatasi.

Kabla hajaifungia kamera alikuwa akifuta picha alizoziona mbovu. Moja nilimzuia asiifute. Ni ya paka akikimbia kukatiza sebule yenye vigae: mwili wote umekuwa kama moshi, lakini mguu mmoja umetoka safi hadi kucha zinahesabika. Akaniuliza, "Mama, mbona mguu huu mmoja haukuharibika?" Sikuwa na jibu. Sayansi mimi niliiacha shuleni, tena kwa furaha.

Je, kweli picha zaweza kuwa mradi wa sayansi? Kama ndiyo, tuanzie wapi? Na mimi nimsaidie hadi wapi?

Mama wa mpiga picha

*

Marahaba, mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa naitafuta sehemu moja tu: ule mguu wa paka. Nitaufikia. Kwanza tumalize habari za mwalimu.

Kumwambia mtoto neno kama lile mbele ya darasa kunaumiza, na si vibaya ukienda kuzungumza naye kwa upole, binti asiwepo. Lakini alichokisema kina ukweli ndani yake. Ubao ule wa picha 20 ulikuwa mzuri, nina hakika, ila haukuwa na swali. Ulionyesha mambo ambayo binti alikuwa ameshayajua kabla ya kubandika picha ya kwanza. Mradi wa sayansi huanza pale mtu anapotaka kujua asichokijua, akabuni njia ya kukitafuta, na njia hiyo ikawa na uwezo wa kumwambia, "Ulivyodhani, sivyo." Hata volkano ya povu, kwa kipimo hicho, mara nyingi haifaulu. Anayeitengeneza anajua tangu mwanzo kwamba povu litatoka.

Kamera haina kosa lolote hapo. Ni chombo cha kupimia kama mizani au kipimajoto, na ina faida ambayo hivyo viwili havina: inatunza ilichokiona. Mwaka 1878 huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi. Nyuzi zilitandazwa kukatiza njia, farasi akipita anazikata na kila uzi unafyatua kamera yake. Watu walikuwa wamebishana miaka mingi kama farasi akikimbia kuna nukta ambayo miguu yote minne iko hewani, na jicho la mtu haliwezi kuamua, maana miguu ile inakwenda upesi mno. Picha ziliamua. Nukta hiyo ipo, na huja pale miguu inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo, wakati wachoraji kwa miaka mingi walikuwa wakiichora imenyooshwa mbele na nyuma. Halafu mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga mfululizo wa picha za paka aliyeangushwa chali, zikaonyesha jinsi anavyojigeuza hewani na kutua kwa miguu ingawa hana cha kujisukumia. Wataalamu wa Paris walihangaika kulieleza jambo hilo. Binti yako msimulie hayo mawili, kisha mwambie paka wenu abaki sakafuni.

Sasa tuje kwenye mguu.

Sisi husema kamera imepiga picha, kana kwamba ni kofi, mara moja limekwisha. Ukweli ni kwamba kamera hufumbua jicho lake kwa muda, hata kama muda huo ni sehemu moja ya 30 ya sekunde, na wakati wote huo inakusanya mwanga. Kitu kilichotulia mwanga wake huangukia mahali pamoja, kinatoka safi. Kitu kinachosogea mwanga wake unapakwa kuanzia kilipokuwa hadi kilipofika, kama rangi chini ya brashi. Mwili wa paka ulikuwa unasogea, ukapakwa. Lakini mnyama anayekimbia, wayo uliokanyaga ardhi hutulia kwa kitambo wakati mwili unapita juu yake. Usingetulia, angeteleza. Huo mguu safi ndio uliokuwa umekanyaga kigae.

Maelezo haya nimekupa wewe, mama. Usiyapeleke yote kwa binti yakiwa yamepikwa. Toa picha, mwekee mbele, umuulize, "Wakati ule, mguu huu ulikuwa unafanya nini ambacho mingine haikuwa inafanya?" Kisha nyamaza. Akichukua siku nzima, mwachie siku nzima. Picha aliyotaka kuifuta ndiyo yenye mradi wake, na inafaa aligundue hilo kwa mkono wake.

Akishafika hapo, swali la pili litakuja, na kama haliji unaweza kumsogeza kidogo. Ule moshi una urefu. Urefu huo ni umbali aliosogea paka wakati jicho la kamera liko wazi. Umbali ni kasi mara muda. Hesabu hii ataifanya bila taabu. Basi swali la mradi laweza kuwa hili: je, ukungu kwenye picha unaweza kutumika kupima kasi ya kitu? Hapo hajui jibu, nawe hujui, na mwalimu wake pia hawezi kuwa na uhakika hadi upimwe.

Paka hafai kwa kupima, maana hakimbii mara mbili kwa mwendo uleule. Anahitaji kitu kitiifu. Mimi ningechukua mpira wa tenisi ya meza, mweupe, ambao kipenyo chake ni milimita 40, na ubao mfupi ulioinuliwa upande mmoja. Mpira ukiachiwa kutoka alama ileile kila mara, bila kusukumwa, utafika chini na mwendo uleule kila mara. Ukiachiwa kutoka kimo cha kama sentimeta 9 unafika ukiwa na mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde. Chini uingie mezani kwenye njia ya karatasi ngumu iliyokunjwa kingo ili usipotee, nyuma kuwe na kitambaa cheusi, na rula ionekane ndani ya picha. Kamera itazame kutoka ubavuni, ikiegemea rundo la vitabu. Isishikwe mkononi, la sivyo ukungu wa mkono utachanganyika na ukungu wa mpira na hakuna atakayejua upi ni upi.

Kitu kimoja tu kibadilike: muda ambao jicho la kamera liko wazi. Simu nyingi zina sehemu ya kupiga picha kwa kujirekebishia mwenyewe, mara nyingi imeandikwa Pro, na zisizo nayo zipo programu za bure zinazoiongeza. Humo ataona namba kama 1/15, 1/30, 1/60 na 1/125. Hizo ni sehemu za sekunde. Sehemu hiyo ni muhimu kwa sababu nyingine pia: zikiachiwa zijiamulie, simu nyingi za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha ziwe moja nzuri. Uzuri huo utamvurugia vipimo.

Kabla ya kupiga hata moja, aandike anachodhani kitatokea. Kama mpira unakwenda mita moja kwa sekunde, kwenye 1/15 unapaswa kusogea karibu sentimeta 6.7, kwenye 1/30 sentimeta 3.3, kwenye 1/60 sentimeta 1.7, na kwenye 1/125 milimita 8 tu. Lakini asisahau kuwa mpira wenyewe una upana. Mstari mweupe atakaouona ni upana wa mpira pamoja na umbali uliosogea, hivyo kila kipimo lazima atoe sentimeta 4 ndipo apate umbali. Wengi husahau hili wakashangaa hesabu inagoma. Akisahau, mwache asahau kwanza. Akishaona hesabu inakataa atarudi kuitazama picha upya, na akigundua kosa mwenyewe hatalirudia.

Kuna matata mawili mengine atakayokutana nayo. La kwanza ni mwanga. Akipunguza muda kwa nusu, picha inapata nusu ya mwanga, inaingia giza. Dawa yake ni namba ya ISO, inayoonyesha kamera inaongeza nguvu ya mwanga ilioupata kwa kiasi gani: muda ukipungua kwa nusu, ISO iongezwe mara mbili. Jaji makini anaweza kumkamata hapo, "Ulisema unabadilisha kitu kimoja, mbona umebadilisha viwili?" Ajiandae. Apige picha chache kwa muda uleule huku ISO ikibadilika, aone kwa macho yake kwamba mstari haurefuki wala haufupiki, bali picha inang'aa au inafifia na kuwa na chembechembe. Mtoto wa miaka 11 akitoa picha hizo mezani kabla jaji hajamaliza kuuliza, sitashangaa jaji akikaa chini kumsikiliza vizuri. Wafanyie kazi hiyo chumbani karibu na dirisha. Juani kamera itajaa mwanga na 1/15 haitatoka kitu.

La pili ni rula. Iwe kwenye mstari uleule anaopita mpira. Ikiwa nyuma zaidi itaonekana fupi kuliko ilivyo, na kila umbali utasomeka mrefu kuliko kweli. Kosa hili halionekani kwa macho, ndiyo maana anahitaji njia ya pili ya kupima kasi ili alinganishe: aweke alama mbili za umbali wa mita moja mezani, apige video ya mpira ukipita, ahesabu fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video. Video ya kawaida ya fremu 30 kwa sekunde itampa fremu kama 30 kati ya alama hizo, pengine chache zaidi au pungufu. Njia zote mbili zikikaribiana, mradi umesimama. Zikitofautiana, amepata swali jingine lenye maana, na hapo asikate tamaa, aandike tofauti ni kiasi gani na anadhani imetoka wapi. Sijawahi kumwona jaji mzuri anayemshusha mtoto kwa tofauti aliyoieleza kwa uaminifu. Nimewaona wakiwashusha wenye namba zilizokaa sawasawa mno.

Kwa kila muda wa kamera apige mara tano, achukue wastani. Picha mbovu zisifutwe, hata moja. Ziwe na namba, ziandikwe daftarini pamoja na sababu za kuziacha. Kisha achore grafu, muda upande wa chini na umbali upande wa juu. Nukta zikikaa kwenye mstari ulionyooka unaoanzia sifuri, atakuwa ameona kwa macho kile ambacho vitabu husema kwa maneno.

Huenda akasema mpira haumvutii. Ni haki yake, na hapo umfungulie milango mingine, ila usimpangie. Anayependa giza na masanduku anaweza kutengeneza kamera ya tundu isiyo na lenzi kabisa, jambo ambalo msomi wa kale Ibn al-Haytham alilichunguza karibu miaka 1,000 iliyopita. Swali liwe ukubwa gani wa tundu hutoa taswira safi zaidi. Wengi hudhani kadiri tundu linavyokuwa dogo ndivyo bora, na si hivyo. Kwa sanduku la sentimeta 15 kutoka tunduni hadi kwenye karatasi, tundu la karibu nusu milimita ndilo linalofaa. Likizidi hapo taswira inavimba ukungu, likipungua sana mwanga wenyewe unaanza kutawanyika kwenye kingo za tundu na ukungu unarudi.

Anayependa mimea aweke miche miwili kwenye masanduku mawili meusi, kila sanduku likiwa na dirisha moja ubavuni, moja lina karatasi nyekundu inayopitisha mwanga na lingine ya bluu, apige picha kila baada ya nusu saa mchana kutwa kwa siku kadhaa na apime pembe ya kila mche. Atakachokiona kwenye bluu kitamfurahisha. Huo unataka subira, na majuma matatu yanatosha tu kama mbegu zinapandwa leo.

Na upo wa mwezi, ambao naupenda sana lakini unahitaji ile kamera ndogo iwe na uwezo wa kuvuta vitu vya mbali. Mwezi ukichomoza unaonekana mkubwa ajabu, na ukipanda juu unaonekana umepungua. Apige akiwa amevuta kwa kiwango kilekile nyakati zote mbili, ahesabu upana wake kwa pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Upana haubadiliki kwa kiasi cha jicho kuona. Ukubwa ule tunautengeneza sisi wenyewe kichwani. Asijaribu kufanya hivyo na jua, kwa jicho wala kwa kamera.

Umeuliza umsaidie hadi wapi. Karatasi ulizozichana zimenijibu kwamba unajua. Shika taa, achia mpira anapohesabu tatu, mnunulie daftari, mpe simu yako hata inapokuwa taabu kuikosa. Muulize, "Umejuaje?" kila anapokuambia jambo, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. Ila kalamu usiishike. Utangulizi ukiwa na makosa ya sentensi mbili tatu, uende hivyo hivyo. Jaji ana dakika chache tu na mtoto, na swali lake la kwanza huwa "Ulipataje wazo hili?" Binti yako ana jibu la swali hilo ambalo hakuna mzazi angeweza kumtungia: nilipiga picha ya paka ikaharibika, isipokuwa mguu mmoja.

Kuhusu ule ubao wa wadudu, usiutupe. Kama mwalimu ataruhusu, uwekwe kando ya mradi mpya bila alama yoyote, watu waone jicho alilonalo. Akikataa, una ukuta nyumbani.

Mwisho kuna jambo nililotaka liwe siri yenu hadi vipimo vya mpira vitakapokamilika. Picha za kamera na simu hubeba ndani yake maelezo ya jinsi zilivyopigwa. Akiifungua ile ya paka na kutafuta maelezo yake, ataona muda uliotumika. Tuseme ni 1/25. Sikio la paka limepakwa umbali fulani juu ya vigae, na vigae vipo hapo hapo sebuleni, havijahama. Akipima upana wa kigae alichokuwa akipita paka, atajua sikio lilisogea sentimeta ngapi. Zikiwa nane ndani ya 1/25 ya sekunde, paka alikuwa anakwenda mita mbili kwa sekunde. Sijui ya kwenu yatakuwa ngapi. Mpe rula, apige magoti sakafuni, apime.